Mwanamke wa Mwisho Kutoka Rithma

Wametuita mkia tangu tulipotoka Misri. Waite tu, midomo ni yao. Yuda wanatangulia na bendera yao, pua juu, hawajui vumbi lina ladha gani. Sisi wa Dani tunalijua. Tunalila asubuhi, tunalila mchana, na jioni tukikohoa ndilo linalotoka. Lakini hebu nikuulize wewe unayecheka: ng'ombe asiye na mkia, nzi atawafukuza kwa nini?

Kazi ya ukoo wetu ilikuwa kuokota. Wingu likiinuka juu ya maskani ya Mungu na tarumbeta zikalia, makabila hung'oa mahema na kuondoka kila moja kwa zamu yake. Sisi tunabaki nyuma, tunapita kambi nzima jiko kwa jiko, tunaokota kilichosahauliwa. Michi, viatu, viriba vya maji, mbuzi aliyekata kamba, na mara nyingine babu wa watu aliyekwenda haja mbali akarudi akakuta kambi haipo. Jioni tukifika tunasimama mbele ya mahema yetu na kuita: "Nani kapoteza mchi? Nani kapoteza kiatu cha kushoto?" Wenyewe wanakuja wameinamisha vichwa. Kuna Mwefraimu mmoja alilikana jiwe la kusagia la mama yake, na mama mwenyewe amesimama pale pale. Kumbe alilitupa makusudi kwa kuwa lilikuwa zito. Yule mama alimzaba kofi, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Ndiyo maana nasema, akija mtu siku za mbele na jembe lake kuchimba Rithma, atafute dalili kwamba taifa zima lilikaa pale, atarudi kwao akiapa kwamba hatukuwahi kuwako. Atapata nini maskini? Majivu na mawe ya jiko. Vingine vyote tuliviokota.

Mama mkwe wangu Serua ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho. Hicho kwetu ni cheo. Lazima mmoja awe nyuma ya wote, na nyuma yake asiwepo mwana wa Israeli hata mmoja. Serua alikuwa anapita na fimbo yake, anachokonoa majivu, anainama kuchungulia chini ya kila kichaka cha mretemu, na akishalivuka jiko la mwisho anapiga fimbo chini na kusema, "Imevunjika." Hapo ndipo kambi imevunjika. Kabla ya hapo, hata kama Yuda wamefika mwisho wa dunia, kwetu kambi bado imesimama, na walinzi wa Dani hawana ruhusa ya kuondoka.

Mwanzoni kazi hiyo ilikuwa ya kijana yeyote mwenye miguu. Halafu Waamaleki wakatujia kwa nyuma kule Refidimu, wakawachinja waliochoka, na mmoja wa waliochoka alikuwa mume wa Serua. Baada ya maziko alikwenda akaichukua fimbo mkononi mwa yule kijana na hakuirudisha. Nani angemnyang'anya? Ulimi wake ulikuwa unakata kuliko upanga wa akida.

Na mimi ulinikata sana. Nilikuwa na mtoto anayenyonya, nimeshazoea ndoa, yeye bado ananiita bibi arusi, kwa kejeli. "Bibi arusi, maji hayaji yenyewe." "Bibi arusi, hilo jivu litakung'ata?" Nilikuwa namnunia siku nzima, naye wala hajui kama nimenuna. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Rithma palikuwa pazuri. Miretemu imejaa bonde zima, na kuni zake ukizifunika jioni asubuhi bado zina moto. Wanawake wakaanza kutandika mikeka kama watu waliofika. Ebo! Asubuhi moja mana haijayeyuka vizuri chini, wengine bado tumeinama tunaokota, tarumbeta hizo. Wingu limeinuka. Basi ikawa vurugu, watoto wanalia, ngamia wanalalama, nguzo za mahema zinaanguka huku na huku. Yuda wakaondoka, Rubeni na Gadi wakafuata, maskani ikapita katikati na watu wake. Nikampa wifi yangu mtoto atangulie naye, nikabaki na Serua pamoja na waokotaji wengine, na nyuma yetu walinzi wa akida Buni.

Jua lilikuwa limeshakuwa kali tulipofika ukingoni, upande ule wanakokaa waliotengwa. Mtu akiwa na alama ya kutisha katika ngozi, kuhani humtoa nje ya kambi siku saba, kisha humtazama tena. Kambi ikiondoka, waliotengwa nao huondoka, wanapita pembeni, upande ambao upepo hautujii kutoka kwao, nguo wamezichana, midomo wameifunika. Nilijua wameshaondoka, niliwaona kwa macho yangu wakikwea kilima. Kwa hiyo niliposikia sauti kutoka kichakani nilishtuka nusura niangushe mtungi.

"Ni najisi! Ni najisi! Msije!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, na katikati ya maneno ilikatika ikawa mguno. Kila mwanamke aliyezaa anaujua mguno ule.

Alikuwa ni Atara, mke wa Ozni wa kabila la Gadi. Nilimfahamu tangu kwenye mana. Alikuwa hodari wa kuokota, anaongea mikono ikienda, na kicheko chake unakisikia kabla hujamwona. Kuhani alimtoa nje kwa ajili ya baka jeupe mkononi, na siku zake saba zilikuwa hazijatimia. Sasa alikuwa amelala chini ya mretemu, blanketi la manyoya ya mbuzi limetundikwa juu yake kumkinga jua, tumbo limesimama, mkono mmoja umeshika shina la mti na mwingine umeifunika midomo kama sheria inavyosema. Yaani mtu ana utungu, yuko peke yake jangwani, na bado anakumbuka kufunika mdomo asitudhuru. Machozi yalinitoka hapo hapo, sioni haya kusema.

"Wenzako wako wapi?" Serua akamuuliza kutoka mbali.

"Wamekwenda. Nimeshindwa kutembea."

"Na mumeo?"

"Alikuja asubuhi. Akasema ng'ambo ile..." Utungu ukamshika, akanyamaza mpaka ukapita. "Akasema waliotengwa wenzangu wataniangalia. Akaniwekea kiriba, akaenda. Ndugu zake walikuwa wanamwita."

Kiriba kilikuwa pale, hakijajaa hata nusu. Nikakitazama nikasikia hasira imenipanda kichwani. Kambi iliyotangulia hii, Haserothi, alitengwa mama mkubwa, dada wa kiongozi wetu, na taifa zima lilikaa likamngoja mpaka siku zake zikaisha. Hakuna aliyenung'unika, tukasema ni haki yake. Sasa kwa mke wa Ozni, nani angelizuia wingu?

Akida Buni akaja na punda wake akiwa mbio. Buni ni mtu mzuri, lakini ana jambo moja, akiwa na hofu hupiga kelele.

"Mama Serua! Bendera yetu imeshazunguka kilima! Asheri hawaonekani tena! Tunaondoka!"

"Ondokeni, mwanangu. Nani kawashika nguo?"

"Na wewe?"

"Mimi nina kazi."

Buni akaona ni nini kilichoko kichakani, akarudisha punda nyuma. "Mama, huyo ametengwa. Nimemwona kwa kuhani mwenyewe. Tutamwachia maji na chakula, na Mungu atamwangalia."

"Mungu amekwisha kumwangalia. Ndiyo maana amenileta mimi."

"Mama, tazama kule!" Akanyoosha mkuki kuelekea nyuma yetu. Juu ya kilima walikuwa wamesimama watu juu ya ngamia, wachache, kimya, wanatutazama. Hatukuhitaji kuambiwa kwamba ni Waamaleki. "Wanangoja tutawanyike. Nina watu wangu hapa, Mama, wana wake na watoto. Siwezi kuwaweka hapa kwa ajili ya mtu mmoja."

Hakuwa anasema uongo. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimfikiria mwanangu mgongoni kwa wifi yangu, na maziwa yalikuwa yameanza kunivuja. Nikamvuta Serua nguo. Nikamwambia, "Mama, labda tumbebe hivyo hivyo." Akanijibu, "Umezaa jana tu umeshasahau? Kichwa cha mtoto kiko njiani. Umbebe umpeleke wapi?"

Kisha akamgeukia Buni, sauti ya chini kabisa, ile aliyokuwa anaitumia akitaka kumwua mtu.

"Buni, kambi inavunjika lini?"

"Mama, huu si wakati wa..."

"Nimekuuliza. Wewe ni akida, babu yako alikuwa akida. Kambi inavunjika lini?"

"Mtu wa mwisho akitoka."

"Mtu wa mwisho ni nani?"

"Wewe, Mama."

"Basi mimi nimekaa." Na kweli akakaa. Akakaa chini mchangani, miguu ameinyoosha, fimbo mapajani, kama mtu aliyekuja kupiga soga kwa jirani. "Kambi ya Israeli ingali Rithma. Na walinzi wa Dani wana ruhusa ya kuondoka kambi ikiwa imesimama?"

"Huo ni ujanja!"

"Ni desturi ya babu yako. Ukiona ni ujanja, kamwambie yeye."

Loo! Walinzi wakatazamana. Mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Buni alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Angeweza kumkamata bibi kizee yule akampakia kama gunia. Lakini nani angerudi kambini kwetu akasema amembeba mtu wa mwisho kwa nguvu, na nyuma yake akaacha watu wawili? Asingepata wa kumpa mwanawe mke hata kwa mahari ya ngamia mia.

Akashuka kwenye punda. "Mikuki nje!" akafoka. "Zungukeni! Migongo huku, macho kule! Atakayegeuka kumtazama mwanamke akizaa nitamtoboa jicho!" Wakajipanga duara kuzunguka mretemu ule, ngao kwa ngao. Kusema kweli wale wanaume walinipendeza. Walikuwa wanatetemeka, ndiyo, na hakuna aliyetoka.

Serua akainuka. Akaweka fimbo chini, akakunja mikono ya nguo, akaanza kwenda kichakani.

"Mama, utakuwa najisi!" nikasema.

"Nitaoga. Najisi huoga jioni ikafika akawa safi. Maiti unaiosha vizuri sana, na hairudi."

Atara alipomwona anakuja akalia zaidi, "Usije, Mama! Ni najisi! Usiniguse!" Serua akapiga magoti, akamshika ule mkono uliokuwa mdomoni, akautoa taratibu. "Umeshasema, nimesikia," akamwambia. "Sasa mkono huu nipe mimi, unauhitaji kwa kazi nyingine. Pumua. Naara! Maji!"

Nilikuwa bado nimesimama na mtungi.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Naogopa, Mama."

"Ogopa huku unaleta maji."

Nikaenda. Nilipofika karibu nikaliona lile baka, jeupe, dogo kama jani. Nikamshika Atara kwa nyuma, mgongo wake kifuani pangu, na alipokuwa anasukuma alikuwa ananikandamiza mpaka pumzi inanitoka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sijawahi kuona mwanamke mwenye moyo ule. Hakumtukana mtu, hata mumewe. Katikati ya utungu aliwahi kusema, "Naara, maziwa yako yamenilowesha mgongo," tukacheka sote watatu, na mlinzi mmoja akasema, "Wanacheka nini hawa?" Buni akamwambia nyamaza.

Mtoto alikuwa wa kike. Alitoka amekasirika, ngumi zimekunjwa. Serua akakata kitovu, akatoa chumvi katika mfuko wake mwenyewe, ile tuliyokuwa tunaigombania kila siku kwamba naimaliza, akamsugua mtoto mwili mzima kama desturi, bila kupunja, akachana kilemba chake akamzongomeza nacho. Watu wa kilimani walikuwa wamengoja vya kutosha. Waliona duara halifunguki, wakageuza ngamia wao wakashuka upande wa pili.

Tukawasubiri mama na mtoto wapate nguvu kidogo. Buni akaja kinyumenyume, uso kando, akiburuta punda wake kwa kamba. "Apande," akasema. "Tutamwosha punda naye." Tukampakia Atara, tukamfunga kwa nguo asianguke. Serua akatazama chini ya mretemu kama kuna kilichosahauliwa, akakiokota kile kiriba, akapiga fimbo chini.

"Imevunjika," akasema.

Tulifika Rimon-peresi jua likizama, na habari ilikuwa imetutangulia. Sijui huwa inapita wapi. Mimi, Serua na Atara tukasimamishwa nje ya mstari wa kambi, kama inavyostahili, na walinzi wakaenda kuoga. Watu wakajaa upande wa ndani, Dani, Asheri, hata Yuda walikuja na pua zao. Wifi yangu akaniinulia mwanangu juu nimwone, analia njaa, na ilibidi akanyonyeshwe na jirani. Hilo liliniuma.

Kazi ni kazi. Serua akaanza kuita kutoka kule nje, na sauti yake unaijua. Akaita kiatu, mwenyewe akatokea. Akaita mwana-mbuzi mwenye sikio jeupe, wakagombana wawili. Akaita kile kiriba, na hakuna aliyejibu.

Ozni alikuwa mbele ya wote. Kijana mzuri wa sura, mabega mapana, macho yamevimba kwa kulia. Akangoja, vitu vikaisha, na Serua akakunja mkeka wake.

"Mama," Ozni akasema, "mbona hujamwita mke wangu?"

"Tunaita vilivyopotea, baba. Huyu hakupotea. Alikuwa pale pale ulipomweka."

Watu wakaguna. Ozni akajifuta uso. "Nilidhani watamsaidia. Ndugu zangu walinivuta, Mama, kila mtu alikuwa anakimbia. Nimekuja kumchukua. Ni mke wangu, na mtoto ni wangu."

"Hilo hakuna anayekubishia. Mchukue. Tuko hapa, na mstari ndio huo. Vuka."

Kilikuwa kimstari tu, watoto wamekichora kwa ufito mchangani. Ozni akakitazama. Mimi moyo wangu ulikuwa unamwambia vuka, mwanamume, vuka, ukae nje siku chache ule mana ya kuletewa, kuna nini? Atara alikuwa amejiinua kwenye kiwiko, mtoto yuko kifuani, anamtazama usoni, na nitakwambia ukweli, alikuwa bado anamtaka. Ilionekana wazi. Angalivuka wakati ule angalisamehewa yote.

Ozni akainua mguu. Halafu akaliona lile baka kwenye mkono uliomshika mtoto. Mguu ukarudi ulikotoka.

"Nitakuja," akasema. "Kuhani akishasema wewe ni safi, nitakuja mara moja, naapa."

Atara hakulia. Akaufunika mdomo wake kama sheria inavyosema, ili pumzi yake isimfikie, na akanena polepole kila mtu asikie.

"Kuhani akishasema mimi ni safi, Ozni, usije."

Nilimpenda Atara saa ile kama tumezaliwa tumbo moja, na yule bibi kizee niliyekuwa namnunia nikampenda zaidi, nikasema moyoni sitamnunia tena, ingawa nilimnunia kesho yake. Maji yakimwagika hayazoleki. Ozni alisimama pale mpaka watu wakaanza kurudi mahemani kwao. Mtoto akalia, Atara maziwa yalikuwa hayajaja, na Serua akanitazama. Hakuniita bibi arusi.

"Naara, mwanangu," akasema, "mpe ziwa."

Nikamchukua mtoto wa Ozni nikamnyonyesha, baba yake akiona, hatua chache ng'ambo ya mstari.